Juma la Sabini la Danieli: Waumini wa Dodoma Waonyeshwe Hesabu Yote

Muulize mlokole wa Nkuhungu dhiki kuu itadumu miaka mingapi, atakujibu saba kabla hujamaliza swali. Vuka barabara umuulize jirani yake Msabato, atakwambia hiyo miaka saba haiko mbele yetu, ilishapita zamani, na katikati yake ndipo Bwana aliposulubiwa. Mkatoliki aliyepita seminari atawaeleza wote wawili kwamba aya wanayoigombania inamhusu kwanza mfalme wa Kigiriki aliyelinajisi hekalu la Yerusalemu mwaka 167 kabla ya Kristo. Mwanglikana wa Mvumi huenda akanyamaza, maana kanisani kwake aya hiyo haisikiki mara nyingi kwenye mimbari.

Wote wanne wana Biblia mkononi, na wote wanaisoma Danieli 9:27: "Naye atafanya agano thabiti na watu wengi kwa muda wa juma moja." Huyo anayefanya agano ni nani? Kwa Msabato ni Kristo. Kwa mlokole ni Mpinga Kristo. Ni vigumu kupata tofauti kubwa kuliko hiyo ndani ya dini moja: neno moja, na upande huu anasimama Mwokozi, upande ule anasimama adui yake.

Zamani tofauti hizi hazikukutana sana hapa katikati ya nchi. Wamisionari wa CMS, shirika la Kianglikana la Uingereza, walifika Mpwapwa mwaka 1876, Dayosisi ya Central Tanganyika ikaundwa mwaka 1927, na kwa miaka mingi kijiji cha Ugogo kilikuwa na kanisa moja au mawili na mafundisho yake yaliyozoeleka. Leo Dodoma ni nyingine. Tangu serikali ilipotangaza mwaka 2016 kuhamia hapa, na mji kupandishwa hadhi kuwa jiji mwaka 2018, watu wamekuja kutoka kila mkoa na makanisa yao. Sensa ya 2022 ilihesabu zaidi ya watu 765,000 ndani ya jiji. Kwenye msiba mmoja wa Chang'ombe utamkuta baba mdogo Mwanglikana, shangazi Msabato na kijana wa TAG, kanisa la kilokole, wamekaa turubai moja, na mhubiri akigusa siku za mwisho tu, utaona watu wanageuka kutazamana.

Tofauti hizo hazinitishi. Zimekuwapo tangu kanisa la kwanza. Kinachoniuma ni kuona waumini wanapewa jibu bila kuonyeshwa hesabu iliyolizaa.

Mama mmoja anayeuza mlenda mkavu na karanga soko la Majengo alinionyesha daftari lake. Kurasa za mwanzo zimejaa majina ya wateja na madeni: elfu mbili, mia tano, elfu moja na mia mbili. Katikati amechora mstari mrefu kwa rula, akanakili kutoka kwenye bango la kitambaa lililotundikwa kwenye mkutano wa injili. Mshale mwekundu unapanda juu, umeandikwa UNYAKUO, yaani waumini kuchukuliwa juu kumlaki Bwana. Mbele yake kuna kisanduku, "miaka 7", kimegawanywa nusu kwa nusu. Kisha akaniuliza, "Mwalimu, hii saba imeandikwa wapi kwenye Ufunuo? Nimeitafuta sura zote sijaiona." Alikuwa na sababu ya kuuliza. Kijana wake alikuwa amechaguliwa kwenda chuo, kozi ya miaka mitatu, na yeye alikuwa anajiuliza kama kuna haja ya kulipa ada ya mwaka wa kwanza.

Mama yule alikuwa sahihi. Ufunuo hautaji popote dhiki ya miaka saba. Unataja miezi arobaini na miwili, unataja siku elfu moja mia mbili na sitini, unataja wakati na nyakati na nusu ya wakati. Zote hizo ni miaka mitatu na nusu. Ile saba imetoka Danieli 9, kwenye juma moja la mwisho, kwa kuchukua kila siku ya juma kuwa mwaka. Aliyechora lile bango alilijua hilo, na ilikuwa haki ya mama yule kuambiwa.

Tuanze basi pale sura yenyewe inapoanza. Danieli yuko uhamishoni. Anasoma kitabu cha Yeremia na kuona kwamba Yerusalemu ungekaa ukiwa miaka sabini. Anafunga, anavaa gunia, anajipaka majivu, anaungama dhambi za taifa lake. Maombi yanachukua sehemu kubwa ya sura. Ndipo Gabrieli anakuja na jibu: si miaka sabini tu, ni majuma sabini, yaani sabini mara saba, ambayo wafasiri wengi huyahesabu kuwa miaka 490. Majuma hayo yamegawanyika: saba, kisha sitini na mawili, kisha moja. Aya nne tu, ya 24 hadi ya 27. Ugumu wote umo humo, na kila anayezifasiri lazima aamue mambo matatu: hesabu inaanza mwaka gani, kama majuma yanafuatana au yana pengo, na yule wa aya ya 27 ni nani. Maandiko hayamwamulii hata moja kati ya hayo kwa maneno ya wazi.

Wasabato wana hesabu inayofuatana vizuri kuliko zote, na hawakuibuni wao. Waprotestanti wengi wa zamani waliifuata. Wanaanzia mwaka 457 kabla ya Kristo, Artashasta mfalme wa Uajemi alipompa Ezra barua ya kurudi Yerusalemu, kama ilivyo katika Ezra 7. Hesabu majuma sitini na tisa, yaani miaka 483, ukikumbuka kwamba hakuna mwaka sifuri kati ya kabla na baada ya Kristo, unafika mwaka 27, wanaouona kuwa wa ubatizo wa Yesu. Miaka mitatu na nusu baadaye, mwaka 31, ni msalaba: ndiye aliyekomesha sadaka na dhabihu. Mwaka 34 juma linakwisha, Stefano anapigwa mawe, injili inatoka kwenda kwa mataifa. Hakuna pengo popote, na Kristo ndiye kiini cha unabii wote. Nakiri uzuri wa usomaji huu unanivuta.

Lakini una mahali ulipochagua. Katika aya ya 25 Gabrieli anaanzia hesabu kwenye amri ya kuujenga upya Yerusalemu. Barua ya Artashasta katika Ezra 7 inazungumzia hekalu, sadaka, sheria na waamuzi. Kujenga mji haikutaji waziwazi. Isaya 44 inamtaja Koreshi, mfalme mwingine wa Uajemi, kama atakayesema Yerusalemu ujengwe tena, na Koreshi alitoa amri yake karibu mwaka 538. Ukianzia huko, miaka 483 inakuishia karibu nusu karne kabla Kristo hajazaliwa. Stefano naye hatajwi na Gabrieli. Kuna jambo jingine la kusemwa kwa heshima: mwaka huo huo wa 457 ndio unaobeba zile jioni na asubuhi elfu mbili na mia tatu za Danieli 8:14, zinazoishia mwaka 1844. William Miller, mkulima Mbaptisti wa Marekani, alifundisha kwamba Kristo angerudi wakati huo, na wafuasi wake wakaishia kuingoja tarehe 22 Oktoba 1844. Hakurudi. Waliobaki wakaichunguza upya hesabu, na baadhi yao, ambao ndio chimbuko la kanisa la Wasabato, wakahitimisha kwamba tarehe ilikuwa sawa ila tukio lilikuwa katika patakatifu pa mbinguni. Kanisa hilo leo halipangi tarehe ya kurudi kwa Yesu, na kuwasingizia kwamba linapanga ni dhuluma.

Usomaji wa walokole wengi umepita njia nyingine. Msukumo wake mkubwa ulitoka kwa mhubiri John Nelson Darby, aliyefariki mwaka 1882, kisha ukaenea kwa Biblia ya Scofield iliyochapwa mwaka 1909, ambayo iliweka maelezo chini ya ukurasa huo huo wenye maandiko. Msomaji akishuka kwa jicho tu anatoka kwenye neno la nabii na kuingia kwenye neno la mfasiri, na wengi hawakuona mpaka uko wapi. Katika mafundisho hayo, majuma sitini na tisa yalikwisha kabla ya msalaba, saa ya Israeli ikasimama, kipindi cha kanisa kikaingia katikati, na juma la sabini bado. Litaanza Mpinga Kristo atakapofanya agano na Israeli. Hesabu yao huanzia kwa Nehemia, mwaka 445 au 444 kabla ya Kristo. Miaka 483 ya kawaida kutoka huko inapita msalaba, ikafika karibu mwaka 39. Sir Robert Anderson, mzaliwa wa Dublin, akaitatua mwishoni mwa karne ya 19 kwa kuhesabu mwaka wa siku 360, akapata siku 173,880, na zikamfikisha mwaka 32.

Watu wa madhehebu yangu wana tabia ya kuudharau usomaji huu, wakisema ni wa juzi. Hawasemi kweli yote. Hippolito wa Roma, mwanzoni mwa karne ya tatu, tayari aliliweka juma la mwisho kwenye siku za mwisho. Tena katika aya ya 26, masihi anakatiliwa mbali baada ya majuma sitini na mawili, na mji na patakatifu vinaangamizwa, kabla aya ya 27 haijaanza kulisimulia lile juma la mwisho. Yerusalemu uliangamizwa na Warumi mwaka 70, miaka karibu arobaini baada ya msalaba. Anayesema juma la sabini lilikwisha mwaka 34 lazima aeleze maangamizi ya mwaka 70 yameingiaje humo. Na katika Mathayo 24:15 Yesu analitaja chukizo la uharibifu lililonenwa na Danieli kama jambo ambalo wanafunzi wake wataliona kwa macho. Kwake lilikuwa bado.

Hata hivyo mimi pengo linanishinda. Gabrieli alitoa miaka 490. Pengo lililowekwa kati ya mwaka wa 483 na wa 484 sasa linakaribia miaka elfu mbili, mara nne ya unabii wenyewe, na halikutajwa. Mtu akikuahidi kukulipa deni baada ya siku sabini, kisha akakwambia siku ya sabini haijaanza kuhesabiwa, ungemdai akuonyeshe maneno ya makubaliano. Nawadai vivyo hivyo ndugu zangu walokole, kwa upendo.

Usomaji wa tatu haufahamiki sana mitaani, na sababu yake inaonekana kwenye rafu za nyumba zetu. Biblia ya Union Version iliyo kwa Waanglikana, Walutheri, Wasabato na walokole ina vitabu 66. Ya Wakatoliki ina vitabu 73, na humo kuna Wamakabayo. Fungua kitabu cha kwanza cha Wamakabayo, sura ya 1, aya ya 54: utakuta chukizo la uharibifu limejengwa juu ya madhabahu ya Yerusalemu kwa amri ya Antioko Epifane, yule mfalme wa Kigiriki. Alikomesha sadaka, akakataza Sabato na tohara, akachoma vitabu vya torati. Kuhani mkuu Onia, mpakwa mafuta (ndiyo maana ya neno masihi), alikuwa ameuawa miaka michache kabla. Baada ya miaka mitatu hivi Yuda Makabayo akalitakasa hekalu, mwaka 164 kabla ya Kristo. Wataalamu wengi wa Biblia leo, Wakatoliki na Waprotestanti, wanaona hapo ndipo Danieli 9 inapoelekeza kidole kwanza. Mlokole asiye na Wamakabayo kwenye Biblia yake hajawahi kuyasoma haya, na simlaumu.

Udhaifu wake ni namba. Tangu Yerusalemu ulipobomolewa mwaka 587 hadi 164 ni miaka 423, haifiki 490. Wanajibu kwamba sabini mara saba ni hesabu ya ishara, iliyojengwa juu ya yubile ya Walawi 25 na adhabu ya mara saba ya Walawi 26, na kwamba Danieli hakushika kalenda mkononi. Inawezekana. Ila kama namba ni ishara, inabidi waseme hivyo tangu mwanzo, siyo baada ya hesabu kukataa.

Upande wangu ni huu. Naona Antioko alikuwa wa kwanza, na Yesu akaichukua picha ile ile akaitumia kwa kile ambacho kingeupata Yerusalemu tena. Luka ananisaidia: pale Mathayo anaposema chukizo la uharibifu, Luka 21:20 inasema "mtakapoona mji wa Yerusalemu umezungukwa na majeshi". Hayo yalitimia mwaka 70 mikononi mwa Tito, jemadari wa Kirumi. Kama kuna uharibifu mwingine wa mwisho unaofanana na huo, sikatai. Paulo anasema juu ya mtu wa kuasi katika Wathesalonike wa pili. Ninachokataa ni kuutia ndani ya ratiba ya miaka saba na kumwambia mama wa Majengo kwamba ratiba hiyo imeandikwa.

Nafahamu pia kuwa watu waliotutangulia katika imani walikwama hapa hapa. Jerome, aliyetafsiri Biblia kwa Kilatini, alipofika kwenye aya hizi katika ufafanuzi wake wa Danieli, mwanzoni mwa karne ya tano, aliona ni hatari kuhukumu kati ya waalimu wa kanisa. Akaorodhesha maoni ya Afrikano, Eusebio, Hippolito, Apolinari, Klementi, Origeni na Tertuliano, akamwachia msomaji. Apolinari alikuwa ameanza kuhesabu majuma tangu kuja kwa Kristo, akategemea mwisho kabla ya miaka 490 kutimia. Miaka hiyo ilitimia karne ya tano. Ibada ya Jumapili iliyofuata ilifanyika kama kawaida.

Wapo watakaosema haya ni mambo ya wasomi wa vyuo vya Msalato na St John's, muumini wa kawaida hayamhusu. Yanamhusu kuliko anavyodhani. Mwaka 2019 usajili wa laini za simu kwa alama za vidole ulipoanza, nilisikia watu wazima, wenye akili timamu, wakisema hii ndiyo alama ya mnyama, na wengine wakaacha kwenda kuchukua namba ya NIDA hadi laini zao zikafungwa. Septemba 2025 mhubiri mmoja wa Afrika Kusini alitangaza unyakuo wa tarehe 23 na 24, na video zake zikafika hadi kwenye makundi ya WhatsApp ya jumuiya zetu. Na tusisahau majirani: Kanungu nchini Uganda mwezi Machi 2000, ambako wafuasi wa kundi la siku za mwisho waliteketea kanisani, na msitu wa Shakahola nchini Kenya mwaka 2023, ambako ilifukuliwa miili zaidi ya 400 ya wafuasi wa mhubiri aliyewaambia wafunge hadi kufa. Sisemi mafundisho ya walokole au Wasabato yanazaa Shakahola. Nasema mtu aliyezoea kupokea majibu ya siku za mwisho bila kuuliza yametoka wapi, hana kinga siku atakapokuja mwongo.

Ugogo nao umewahi kuona mambo yanayofanana na Mathayo 24. Mtunya, ile njaa ya kuanzia 1917 hadi 1920, ilikuja vita vya Wajerumani na Waingereza vilipokuwa vimekomba nafaka, ng'ombe na wapagazi, kisha mvua ikakataa. Vita, njaa, maradhi, vyote kwa pamoja. Mtu aliyekuwa na Injili mkononi wakati huo angekuwa na kila sababu ya kusema mwisho umefika. Yesu alikuwa ameshasema, "Hayo yote ndiyo mwanzo wa utungu."

Nina ombi kwa wachungaji, mapadre na wazee wa makanisa wa jiji hili. Kabla ya Majilio, kaeni pamoja jioni moja, ukumbi wowote, mlete na waumini. Msabato aeleze 457 yake, mlokole aeleze pengo lake, padre afungue Wamakabayo, Mwanglikana aache kunyamaza. Kila mmoja aseme waziwazi: hapa maandiko yanasema, na hapa nimechagua mimi. Asiwepo wa kumbatiza mwenzake jina la mpotofu. Wote wanne wanakiri kwamba Kristo atakuja tena kuwahukumu wazima na wafu. Hakuna hata mmoja anayepoteza hilo kwa kukiri kwamba hesabu yake ina mahali alipokisia.

Najua jibu nitakalopewa na wengine: ukiwaonyesha waumini kwamba wafasiri wanapingana, utawapunguzia imani. Mama wa Majengo sikumwona akipungua. Nilimweleza saba ilikotoka, nikamwonyesha Danieli 9 kuanzia aya ya kwanza, nikamwambia nani anasema nini na mimi nasimama wapi. Aliyasoma maombi yote ya Danieli kwa sauti ya chini, mteja akisubiri, akaniuliza kwa nini kwenye mkutano walianzia aya ya 24. Kijana amelipiwa ada. Kisanduku cha miaka saba bado kimo kwenye daftari, na pembeni yake ameandika kwa kalamu ya bluu: "Dan 9:27, kumwuliza mchungaji."